Kati ya Wimbo na Wimbo



Nimeombwa nizungumzie namna ya kuendesha kipindi cha muziki wa papo kwa papo katika redio ya jamii. Naona wengi mmekuja na daftari, bila shaka mkitaraji habari za maikrofoni na mikisa. Nitazigusa, maana bila hizo hakuna kipindi. Ila dai langu naliweka mezani mapema, mwenye kulipinga aanze kujiandaa: nyimbo ni kazi ya wapigaji, wala hatuna la kuwaongezea. Kazi ya mtangazaji ni kile kipande kilicho kati ya wimbo na wimbo, pale fidla inapotiwa sauti upya, mwimbaji anapokunywa maji, na ngozi ya ngoma inapolegea ikabidi mtu atoke nayo nje. Redio kubwa hukikata kipande hicho. Nasi tukikikata, tutakuwa tumebaki na nini ambacho wao hawana?

Niwapeleke mbali kidogo. Nashville, Marekani, tarehe 10 Desemba 1927, siku ya Jumamosi. Kituo cha WSM, mali ya kampuni ya bima, kilikuwa na kipindi cha muziki wa watu wa mashambani kilichoanza miaka miwili nyuma kwa mzee mmoja mpiga fidla, Uncle Jimmy Thompson, aliyekuwa amekwisha kupindukia miaka 70. Kabla ya kipindi hicho ilikuwa zamu ya muziki wa kisomi uliounganishwa kutoka mtandao wa taifa, ukiongozwa na Walter Damrosch. Usiku ule Damrosch aliwaeleza wasikilizaji kwamba muziki wa hadhi yake hauna kawaida ya kuiga mambo halisi ya duniani, ila kwa mara hii angepiga kipande kinachoigiza treni. Akamaliza. Mtangazaji wa WSM, George D. Hay, akapokea zamu. Angeweza kusoma jina la mdhamini na kuendelea. Badala yake akasema kuwa saa tatu zinazokuja hazitakuwa na kitu kingine ila mambo halisi, akamwita DeFord Bailey, kijana Mweusi mpiga kinanda cha mdomo, naye akapiga treni yake mwenyewe, honi na magurudumu na yote. Bailey alipomaliza, Hay akasema tumekuwa tukisikia opera kubwa, sasa mtasikia Grand Ole Opry, kwa matamshi ya huko huko mashambani. Kipindi kikalichukua jina hilo, na mpaka leo kinaruka hewani nalo.

Hakukuwa na karatasi. Hay alisikia kilichotoka kwa jirani, akamtazama aliyekaa mbele yake, akaunganisha. Mtangazaji aliyekuwa ameinamia simu yake kutafuta tangazo linalofuata asingeweza. Huyu Bailey tutarudi kwake, maana habari yake haikuishia pazuri.

Sasa turudi kwetu. Sisi tuliokulia kwenye Radio Tanzania Dar es Salaam tulifunzwa kuusikia muziki kwa namna nyingine. Kwa muda mrefu, kwa bendi nyingi za Bara, studio ya kurekodia ilikuwa ile ya RTD Barabara ya Pugu. Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, NUTA Jazz, Western Jazz, Atomic ya Tanga, wote walipita mle. Walipiga kwa pamoja, moja kwa moja kwenye utepe, bila kurudi kurekebisha gita peke yake au sauti peke yake. Mwenye kukosea aliwakosesha wote, wakaanza upya. Kwa hiyo kulikuwa na jasho la papo kwa papo ndani ya kanda zile, ila lilipangwa: mashairi yamekwisha kupitiwa na wakubwa, wimbo una mwanzo na mwisho, mtangazaji ni mwingine na yuko chumba kingine siku nyingine. Sina ubaya na kazi ile. Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari Mombasa mwaka 1979, na bila kanda zile wajukuu wetu wangemjua kwa kusimuliwa tu. Tulichokikosa ni kumsikia akivuta pumzi kabla ya kuanza, au akimwambia mpiga besi ateremshe. Mliowahi kwenda dansi mnajua kwamba wimbo ule ule ukumbini ulikuwa mrefu zaidi, na vituko vyake vilikuwa katikati.

Redio ya jamii ilizaliwa na nia tofauti. Homa Bay, Kenya, mwaka 1982, UNESCO ilisaidia kuanzisha kituo kidogo kwa vifaa vya bei nafuu, kikisema na watu wa pale kwa lugha ya pale. Serikali ikakifunga 1984. Kwetu ilibidi tungoje sheria za utangazaji za miaka ya 1990 ndipo hewa ikaachwa wazi kwa wengine. Leo tuna vituo kama kile cha Micheweni, Pemba, ambapo msikilizaji akichukizwa na kipindi anavaa kandambili na kuja mlangoni kusema. Kwa muziki, hiyo ndiyo mali yetu. Mwimbaji na msikilizaji wanajuana. Pengine wanadaiana.

Basi niwaeleze kikundi kimoja cha kidumbak kilichokuja studioni kwetu, shamba huku Unguja. Kwa wageni wetu wa Bara: kidumbak ni ndugu mdogo wa taarab, mchangamfu zaidi, wa harusini. Kuna fidla, kuna vidumbak viwili, kuna cherewa za kutikisa, mkwasa wa kugonga, na kuna sanduku, yaani sanduku la mbao lililofudikizwa, fimbo moja na uzi mmoja, ndiyo besi hiyo. Studio yetu ilikuwa hatua sita kwa tano, na maikrofoni zilikuwa nne, moja inashika na kuachia.

Fundi kijana alitaka kila chombo kiwe na maikrofoni yake. Hazikutosha, na hata zingetosha ningekataa. Katika chumba kidogo kidumbak kinasikika mpaka ndani ya soli za viatu. Ukikiwekea maikrofoni umekipa milango miwili ya kuingilia hewani. Tukaviweka vidumbak pembeni bila maikrofoni kabisa, sauti yake ikaingia kwa mlango wa wengine na ikatosha. Mwimbaji akapewa moja iliyo nzima, karibu na kinywa, akatazamana na mpiga fidla ili waonane macho. Fidla ikapata yake kwa juu kidogo, mbali na ule mkwaruzo wa upinde. Sanduku ndilo lililotupa kazi. Sauti yake nene hutoka chini, inagota sakafuni na kufa. Tukainua ukingo mmoja kwa kipande cha ubao ili pumzi itoke, tukailaza maikrofoni pale chini juu ya kitambaa kilichokunjwa. Ile mbovu ndiyo ikawa yangu.

Spika za studio zilizimwa, maana maikrofoni ikisikia spika inayotoa sauti yake yenyewe, vinapokezana mpaka mlio unapasua masikio. Hapo wapigaji husikilizana kwa masikio yao kama wanavyosikilizana uani. Vijana wanaotaka kila mwanamuziki avae hedifoni niwaambie: mzee wa fidla aliivaa, akapiga mipigo michache, akaivua akaiweka juu ya meza kwa adabu, na hakuigusa tena.

Kuna kifaa kimoja ambacho watangazaji wengi hawakijui, kwa sababu kiko chumba cha mitambo. Kinabana sauti kubwa na kuinua ndogo, ili kituo kisikike kwa nguvu moja muda wote. Kwa maneno ni kizuri. Kwa muziki wa papo kwa papo ni adui. Mwimbaji akipaza, kinamkandamiza. Akinyamaza kuvuta pumzi, kinapanda kutafuta cha kuinua, na kinachokikuta ni feni. Msikilizaji anasikia feni ikivuma kama upepo wa kusi kila baada ya ubeti. Mwombe fundi akilegeze kwa saa hiyo moja. Na akishapanga viwango vyake wakati wa kupima sauti, aondoe mikono. Fundi anayesukuma vitufe muda wote anapiga chombo ambacho hakuna aliyemwalika apige.

Tukaanza. Kiyoyozi tulikuwa tumekizima kwa sababu ya kelele, lakini chumba kilikwisha kupoa tangu asubuhi, na ngozi za vidumbak zilizokuja kutoka juani zikaanza kulegea. Kabla hatujafika mbali mpigaji akaniashiria kwa kidole: chombo kimeshuka. Wanamuziki wakasimama. Sasa hapo mtangazaji wa redio kubwa anaweka tangazo la biashara. Mimi nikasema maneno machache tu: kwamba ngozi imelegea, kwamba anatoka nayo nje kwenye moto, na kwamba msikilizaji asishike redio yake kuitikisa, kitakachosikika ni moto. Fundi akaivuta maikrofoni ile mbovu mpaka kizingitini, waya ukaishia hapo. Nje walikuwa wamekwisha washa makumbi. Hewani kikasikika kitu kikipasuka-pasuka, kisha kidole kikigonga ngozi: duu, duu. Kimya. Duu. Kimya tena, halafu mlio ukapanda kidogo, halafu zaidi, mpaka kidumbak kikalia kile kilio chake chembamba kikavu, na mzee aliyekuwa ndani akaitikia kwa upinde bila kuambiwa.

Meneja alipiga simu akidhani mtambo umeanguka. Simu zilizofuata zilikuwa za watu waliotaka kujua ni kidumbak cha nani, na mmoja alisema ngozi ile haikuwambwa vizuri, aje fulani aiwambe upya.

Ukimya ndicho kitu tunachokiogopa kuliko vyote, na hofu hiyo tumefundishwa. Lakini kuna ukimya wa mtambo ulioanguka na ukimya wa mtu anayefanya kazi. Tofauti yake hewani ni sentensi moja iliyosemwa kabla. Ukishaisema, funga mdomo. Mtangazaji anayeeleza kila mlio, “sasa anaigonga, sasa anaipasha”, amewanyang'anya watu masikio yao.

Sasa nijipinge mwenyewe kabla hamjanipinga. Kidumbak hakina kipande kati ya wimbo na wimbo. Wakishaingia mdundo, nyimbo hufungwa moja kwa nyingine, za zamani na za jana, hadi saa nzima, na wachezaji uwanjani hawapumziki. Ukimkatiza mpigaji mdundo ukiwa umekolea ili useme “mnasikiliza kituo chako pendwa”, umefanya jeuri. Kwa hiyo ujue kila muziki una nafasi zake wapi. Taarab ya chama kikubwa hukupa nafasi pana: wapigaji hupatanisha vyombo, ganuni peke yake ina nyuzi zaidi ya 70 na mwenyewe hana haraka, kisha labda bashraf ya vyombo vitupu, ndipo mwimbaji asimame. Bendi ya dansi ina sebene. Kwa kidumbak mazungumzo yafanyike kabla na baada, na katikati mtangazaji akae kitako na kutikisa kichwa. Mimi nilijipa kazi ya kuandika kwenye kikaratasi kila wimbo ulipogeuka, nikazitaja baadaye.

Na hayo mazungumzo yaweje? Watangazaji wetu wana maswali matatu: mlianza lini, mna changamoto gani, mna wito gani kwa serikali. Mwanamuziki akiulizwa hayo anavaa sauti ya mkutano. Muulize kilicho mkononi mwake. Nilimwamkia yule wa sanduku, “Shikamoo mzee.” Akaitikia, “Marahaba mwanangu.” Nikamuuliza, “Uzi huu umeupata wapi?” Akacheka. “Mshipi wa nguru huu. Wa changu haufai, unakata.” Basi. Kwa kijiji cha wavuvi sikuhitaji swali la pili. Mmoja alipiga simu kusema mshipi ule anaufahamu, uliibwa kwenye chombo chake. Alikuwa anatania, nadhani.

Simu zina adabu zake. Mwambie mpigaji apunguze redio yake kabla hujamrusha hewani, la sivyo sauti inarudi na kuzunguka, na wanamuziki wanapoteza mdundo. Na wala usipokee simu wimbo ukiwa unaendelea.

Jambo ambalo studio haina na uwanja unao ni kutunza. Mwimbaji wa taarab huimba kwa kulishwa na wanaoinuka: mama anakuja akiyumba taratibu, noti juu, beti iliyomgusa ndiyo anayoitunza, na ukumbi mzima unajua kwa nini beti hiyo na anamtazama nani. Mwimbaji akiuona mkono ule anairudia beti. Studioni anaimbia ukuta uliobandikwa trei za mayai. Dawa yangu ya kwanza ni kuwaweka watu ndani, hata kumi tu, vinyago vya adabu hapana, walete wanaojua kuitikia. Ya pili ni namba ya simu ya kikundi kwa ajili ya pesa za mtandao, itajwe wazi, na mtangazaji ataje tuzo zinapoingia: kutoka kwa mama fulani, kwa ile beti ya pili. Fedha ziende kwa kikundi moja kwa moja, zisipitie kituoni hata kwa dakika moja. Nasisitiza hilo kwa sababu najua zinavyopungua njiani.

Na kwa kuwa beti humlenga mtu, kuna hatari. Mipasho ni tamu, na vituo vikubwa vina kifaa cha kuchelewesha matangazo kwa sekunde chache ili neno baya likatwe. Sisi hatuna. Tulichonacho ni kujuana. Kaa na mwimbaji kabla, chai mezani, mwambie redio inaingia hadi chumba cha mgonjwa, na mwimbaji wa kweli atalifumba neno hata lifike kwa mlengwa peke yake, wengine wacheke bila kujua. Anayesema hawezi kufumba, ngoma yake iende uwanjani.

Kujuana huko kunadai pia jambo ambalo hakuna kitabu cha utangazaji kitakuandikia. Sisi ndio tunaosoma matangazo ya vifo. Kidumbak ni muziki wa harusi. Siwezi kumaliza kusoma kwamba bibi fulani amefariki, maziko saa kumi, halafu nikafungulia cherewa. Kabla ya kipindi mimi hupiga simu kwa sheha na kwa watu wa msikitini kuuliza kama kuna msiba. Ukiwapo wa karibu, kikundi kinakunywa chai na tunapanga siku nyingine. Ramadhani kipindi chote kinafungwa. Mhariri wa mjini ataliita hilo kukosa msimamo wa ratiba, na aite. Ratiba yetu inaanzia kwa jirani.

Nilisema nitarudi kwa DeFord Bailey. Alikuwa kipenzi cha kipindi kile kwa miaka mingi, jina la kipindi lilitokea mara tu alipoushusha mdomo kutoka kwenye kinanda chake. Mwaka 1941 akaachwa. Ulikuwapo wakati huo ugomvi kati ya vituo vya redio na chama cha wenye hakimiliki, nyimbo zake zilizojulikana zikawa haziruhusiwi kupigwa hewani, akaambiwa hana vipya. Akaendelea na kibanda chake cha kung'arisha viatu mjini Nashville. Ukumbi wa heshima wa muziki ule ulimtaja 2005, yeye akiwa kaburini tangu 1982.

Uingereza walikwenda njia nyingine. Chama cha wanamuziki kilikuwa na makubaliano yaliyobana saa ambazo redio ingeweza kupiga santuri, mpaka mwaka 1988. Saa zilizobaki BBC ilibidi ilete watu wenye vyombo na iwalipe. Vipindi vya muziki wa studioni ambavyo leo tunavisifu huko vilisukumwa na mkataba huo zaidi ya mapenzi ya mtangazaji yeyote.

Kwa hakimiliki, sisi tuna COSOTA kwa Bara, chini ya sheria ya 1999, na COSOZA kwa Zanzibar, chini ya sheria ya 2003. Wanamuziki mlioko hapa, jiandikisheni, ila msingoje huko tu. Kituo kinapokualika, uliza malipo. Na nyinyi mameneja mnaopenda kusema “tunawatangaza bure”, fundi wa feni mlimlipa, mwenye jenereta mlimlipa kabla hajamimina mafuta. Kikundi cha watu saba kimeacha kazi ya siku, kimekodi gari kwa ajili ya sanduku. Nauli na chakula hiyo ni heshima tu, haijawa malipo. Malipo yawe yametajwa kabla hawajashuka garini, hata yakiwa madogo, na yatolewe mkononi mwao wote wakiona, si kwa kiongozi pembeni ya mlango.

Kisha rekodi. Ukishairusha utairudia, usinidanganye. Basi waandikie kwa karatasi moja, kwa Kiswahili, kwamba mtairudia mara ngapi na kwa masharti gani, wasaini, na waondoke na nakala yao kwenye flashi siku ile ile. Katika daftari la kituo liandikwe jina la kila mpigaji na chombo chake, pamoja na yule wa cherewa, ambaye kila mara tunamwandika “na wenzake”. Andikeni pia nani alitunga beti, kwa sababu siku ya kudaiana itafika.

Mwenyekiti, naona mikono ya mameneja imekwisha nyanyuka kule nyuma, na najua ni ya bajeti. Tuanze na huyo mwenye kofia.